Dawa Imekudhuru? Usitupe Boksi

Mtu akidhuriwa na dawa aliyoandikiwa hospitalini, ndugu humwambia atafute wakili. Ni ushauri mzuri, ila umeruka hatua. Kabla ya wakili kuna boksi la dawa, karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani yake, stripu iliyobakiza vidonge viwili, cheti cha daktari na risiti ya duka. Wakili atakuuliza vitu hivyo ukishakaa tu mbele yake, na hakimu atavitaka miaka miwili baadaye, wakati nesi aliyekuchoma sindano amehamishwa mkoa na muuza duka hakukumbuki tena. Dai la dawa hufia hapo kwa urahisi sana. Mgonjwa amedhurika kweli, mtaa mzima unaona, lakini hana cha kuweka mezani.

Hata hivyo, afya hutangulia kesi. Ukianza dawa mpya, kisha ukapata homa, macho yakawa mekundu, midomo ikatoka vidonda na ngozi ikaanza kuota malengelenge au kubabuka kama iliyomwagikiwa maji ya moto, usisubiri kukuche. Huenda hiyo ni hali ambayo madaktari huiita sindromu ya Stevens-Johnson, na inaua. Dawa zinazojulikana kuileta ni za kawaida kabisa: Septrin, SP ya malaria, karbamazepini ya kifafa, alopurinoli ya gauti, na nevirapini iliyotumiwa miaka mingi na watu wanaoishi na VVU. Nenda hospitali ukiwa na dawa yenyewe mkononi. Kwa maudhi mengine kama kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa usingizi, usiache dawa ya presha, ya kifafa au ARV kwa uamuzi wako mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia. Mahakamani utaulizwa kama ulirudi, na jibu lenye nguvu ni tarehe iliyoandikwa kwenye daftari lako la matibabu.

Sasa tuangalie dawa inavyouzwa kwenye maduka yetu. Muuzaji anachukua stripu ya vidonge kumi, anahesabu sita ulivyomudu kulipia, anakata kwa mkasi. Namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kawaida zimegongwa kwenye ukingo mmoja tu wa stripu, na mara nyingi ukingo huo ndio unaobaki dukani. Au vidonge vinamiminwa kutoka kwenye kopo la elfu moja na kutiwa katika kimfuko cha nailoni kilichoandikwa kwa kalamu 2x3, bila hata jina la dawa. Ukifika nyumbani una vidonge vyeupe ambavyo huwezi kusema vimetoka kiwanda gani. Dawa ile ile ya homa inaweza kuwa imetengenezwa na viwanda vitano tofauti, na kati ya hivyo huna hata kimoja cha kukitaja.

Kwa hiyo kabla hujaondoka kaunta, omba uoneshwe boksi na ulipige picha kwa simu pande zote: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina la kiwanda na nchi yake, namba ya usajili. Omba risiti inayotaja dawa kwa jina. Risiti iliyoandikwa "dawa" na kiasi cha pesa haitakusaidia kitu. Duka lenye leseni halina sababu ya kukunyima. Ukiwa umelazwa, anayekuuguza anaweza kupiga picha chupa ya dripu na kichupa cha sindano kabla havijatupwa. Na dawa iliyobaki usiimwage hata kama unaichukia. Ifunge, iandike tarehe, iweke mahali pakavu. Inaweza kuhitajika maabara.

Uzito wa kumbukumbu za namna hii ulionekana Marekani katika madai ya Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya kampuni ya Merck. Iliingia sokoni 1999 na kuondolewa Septemba 30, 2004, baada ya kubainika kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Novemba 2007 Merck ilikubali kutenga dola bilioni 4.85 kumaliza madai. Watu walisikia bilioni, lakini kuzifikia kulikuwa na milango. Mdai alitakiwa kuonesha kwa rekodi kwamba alipata mshtuko wa moyo au kiharusi, kwamba alikuwa amepokea vidonge visivyopungua 30, na kwamba alikuwa na dawa ya kutumia ndani ya siku 14 kabla ya kuugua. Bila rekodi za hospitali na za duka la dawa, hata mjane aliyemzika mumewe asingepita.

Linalofuata ni gumu kulisikia kwa mtu ambaye tayari anaumia, lakini ni afadhali alisikie mapema. Kudhurika peke yake hakumpi mtu fidia. Sheria ya uzembe tuliyo nayo Tanzania na Kenya inataka mambo matatu yakutane: kuna mtu aliyekuwa na wajibu kwako, mtu huyo hakuutimiza, na kutoutimiza huko ndiko kulikokuletea madhara. Likikosekana moja, dai linaanguka.

Tuseme mama lishe wa Mbagala amekwenda kituo cha afya ana UTI, akaandikiwa Septrin, dawa yenye salfa. Baada ya siku chache ngozi imebabuka, amelazwa wiki kadhaa, jicho moja halioni tena. Kama hakuwahi kupata aleji ya dawa za salfa, na daktari alimweleza dalili za hatari, inawezekana kabisa hakuna aliyekosa. Dawa ilifaa kwa ugonjwa, onyo limo kwenye karatasi ya dawa, mwili wake ndio ulioikataa. Sasa fungua daftari lake, kurasa nne nyuma. Mwaka juzi daktari mwingine aliandika kwa wino mwekundu: "Aleji ya salfa." Mgonjwa ni yule yule na dawa ni ile ile, lakini kesi imegeuka kabisa, kwa sababu aliyeandika Septrin alikuwa na daftari hilo mezani kwake. Hapo kuna uzembe wa kujibiwa, na hospitali hubeba uzembe wa mwajiriwa wake aliyekuwa kazini.

Daftari lile la shilingi mia chache, ambalo wengine hulichana karatasi za kuandikia hesabu za watoto, linaweza kuwa ndiyo kesi yote. Litunze kama hati ya kiwanja. Piga picha kila ukurasa kila unapotoka kwa daktari.

Uzembe una sura nyingine pia. Jentamaisini inaweza kuharibu figo na masikio, na mgonjwa mwenye figo dhaifu anatakiwa kupunguziwa dozi na kufuatiliwa. Akiachwa wiki nzima bila kipimo, kuna swali la kuulizwa. Muuza dawa akibadilisha dawa bila kumwuliza aliyeandika, au akikupa miligramu nyingine, swali linamwelekea yeye. Na kutokuambiwa kabisa ni kosa lenye uzito wake. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma akueleze faida, hatari na gharama za matibabu kwa lugha unayoielewa. Kwa hiyo ukiandika maelezo yako, usiandike tu "nilipata madhara." Andika uliambiwa nini, na nani, siku gani, na nani mwingine alikuwepo chumbani.

Vipi kuhusu kiwanda? Msingi wa kumshtaki mtengenezaji ambaye hukuwahi kukutana naye ulijengwa Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson iliyotokana na chupa ya kinywaji iliyodaiwa kuwa na konokono ndani yake, na mahakama zetu zimeurithi. Kenya imekwenda mbali zaidi: Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kulipwa kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Dawa ni bidhaa. Na kasoro yake inaweza kuwa ndani ya kidonge, au katika onyo ambalo halikuandikwa inavyotakiwa.

Kesi inayolionesha hili vizuri ilianza mwaka 2000 katika jimbo la Vermont, Marekani. Mwanamuziki mmoja alikwenda kliniki na kipandauso, akachomwa Phenergan, dawa ambayo hata huku kwetu tunaijua sana, kwa kusukumiwa moja kwa moja kwenye mshipa wa mkono. Dawa ikaingia kwenye ateri, mkono ukaoza, ukakatwa. Alikuwa anaishi kwa kupiga ala. Kliniki ilimalizana naye nje ya mahakama. Akaigeukia kampuni ya Wyeth kwa hoja kwamba karatasi ya dawa iliitaja hatari hiyo lakini haikuwakataza watoa huduma kutumia njia ile ya kusukuma. Machi 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji sita dhidi ya watatu, iliiacha tuzo yake ya dola milioni 6.7 isimame. Kwamba mamlaka ya serikali ilikuwa imeipitisha karatasi ile hakukuiokoa kampuni.

Miaka miwili baadaye, mahakama hiyo hiyo iliwaangusha wanawake wawili waliokuwa wakitumia metoklopramidi kwa muda mrefu, dawa ambayo wengi wetu tunaiita Plasil, hadi wakapata ugonjwa wa misuli kujitikisa bila hiari. Walikuwa wamepewa jeneriki, na sheria ya shirikisho ya huko inamlazimisha mtengenezaji wa jeneriki kunakili onyo la kampuni ya kwanza neno kwa neno. Haikuwezekana kumlaumu kwa kutoandika zaidi. Hukumu ile haifungi mahakama zetu. Ila inaonesha kwa nini ni lazima ujue umemeza dawa ya nani, hasa kwetu ambako jeneriki zimejaa maduka na nyingi zinatoka India. Kiwanda cha India kiko mbali na mlalamikaji wa Tandahimba, lakini dawa ya nje haisajiliwi bila mwakilishi wa ndani anayejulikana na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania, au na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Kuna pia mwagizaji mwenye leseni. Namba ya usajili uliyoipiga picha ndiyo itakayomwongoza wakili wako kwao.

Kuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Hospitali inayo, na mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuripoti TMDA au kwenye Bodi. Ripoti haikuletei hata senti moja, na wengine wakishalijua hilo huiacha. Usiiache. Inaacha kumbukumbu ya kiserikali yenye tarehe kwamba ulilalamika mapema, kabla hujafikiria pesa. Inaweza kufungua uchunguzi wa bechi nzima. Na huingia katika kanzidata ya dunia iliyopo Uppsala, Sweden, ambako malalamiko ya wagonjwa wa nchi mbalimbali huunganishwa hadi hatari iliyokuwa imejificha ionekane.

Kisha tafuta daktari wa pili, asiyefanya kazi mahali ulipodhurika, akuandikie ripoti. Hapa ndipo penye ugumu kuliko pote, maana madaktari wanafahamiana na wengi hawapendi kumwandikia mwenzao. Msaidie kwa kumwuliza swali la kitaalamu badala ya swali la lawama: je, kwa mizani ya Naranjo, madhara haya yana uhusiano gani na dawa hii? Mizani hiyo, iliyochapishwa 1981, ina maswali kumi: dalili zilianza baada ya dawa? zilipungua ilipoachwa? kuna sababu nyingine? mgonjwa aliwahi kupata hali hiyo kwa dawa kama hiyo? Alama 9 na kuendelea ni uhusiano wa hakika, 5 hadi 8 ni uwezekano mkubwa. Kesi za madai huamuliwa kwa uzito wa uwezekano, kwa hiyo ripoti yenye alama 7 na maelezo ya kitabibu ina thamani kubwa kuliko barua ndefu ya masikitiko.

Kuhusu kiasi cha pesa, mahakama hutenganisha fidia mahsusi na fidia ya jumla. Ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyoharibika, na hakimu huikadiria mwenyewe. Mahsusi ni gharama uliyotoa na mapato uliyopoteza, na lazima ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Watu hupoteza pesa nyingi hapa kwa kutokuwa na risiti za vipimo, za miwani, za nauli ya kwenda na kurudi kliniki. Dereva wa bodaboda hatoi risiti. Nunua daftari, andika tarehe, safari na nauli, umwombe asaini. Anayeuza chakula aandike mauzo yake ya kila siku kabla na baada ya kuugua.

Muda ndio unaoua madai bila kelele. Tanzania, dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. La mkataba, ambalo wakati mwingine hufaa dhidi ya hospitali binafsi, ndani ya sita. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, lakini usiiweke hatima yako kwenye ombi hilo. Kama aliyekosa ni hospitali ya serikali, kabla ya kufungua shauri lazima utoe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Kenya, muda wa kawaida ni miaka mitatu pia, lakini dhidi ya Serikali dai la uzembe hufa baada ya miezi 12, na huo ni mfupi mno kwa mtu ambaye nusu yake ameimaliza akiwa kitandani. Mahakama ya Kenya inaweza kuruhusu dai la majeraha lililochelewa ikiwa mambo ya msingi hayakujulikana kwa mdai. Ndugu zetu walioko Uingereza wana miaka mitatu tangu kujua walichofanyiwa. Walioko Marekani waangalie sheria ya jimbo lao, kwa maana kila jimbo lina hesabu yake.

Utakapokuwa unajipanga, kuna mtu atakuja na bahasha. Atasema ni pole kutoka kwa uongozi, na karatasi ya kusaini ni utaratibu tu. Soma karatasi hiyo. Ikisema umeridhika na hutadai tena, basi hiyo siyo pole, ni mkataba wa kuuza haki yako, na huenda hujui bado ugonjwa utakugharimu kiasi gani. Mwambie utaijibu baada ya kuonana na wakili. Kumalizana nje ya mahakama si jambo baya, mara nyingi ni bora kuliko kesi ya miaka mingi, lakini kufanywe ukiwa na ripoti ya daktari na hesabu ya gharama mkononi.

Na huyo wakili, mwulize mapema gharama zake na aandike. Kenya, Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa kulipwa pale tu kesi ikishinda, kwa hiyo anayekuahidi hivyo anaanza vibaya. Asiye na uwezo asikate tamaa: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani, Kenya ina sheria yake ya 2016 na huduma ya taifa ya msaada wa kisheria. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuisoma hati ya madai yake mwenyewe kabla ya kuisaini. Aisome. Malalamiko kwa Baraza la Madaktari au Baraza la Famasia nayo yana faida, ingawa kazi yao ya kwanza ni nidhamu ya wanataaluma, si kukulipa.

Yote niliyoeleza yanamsaidia aliyedhuriwa na kosa la mtu. Aliyedhuriwa bila kosa la mtu hana pa kwenda, na hili linaniuma. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu walichomwa kanamaisini kila siku kwa miezi, kwa mwongozo uliokubalika duniani kote, na wengine wakawa viziwi wa kudumu. Mwaka 2019 mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani haukuipendekeza tena. Daktari wao hakuwa mzembe na kiwanda hakikudanganya, kwa hiyo mbele ya sheria yetu wao hawadai kitu. Sweden ilianzisha bima ya madhara ya dawa 1978. Japani, baada ya watu zaidi ya elfu kumi kupata ganzi na wengine upofu kwa dawa ya kuhara iliyoitwa kliokwino, ilianzisha utaratibu wa fidia mwaka 1980 unaochangiwa na watengenezaji wa dawa, na mgonjwa hulipwa bila kuthibitisha kosa la mtu. Wakati wa UVIKO-19 mpango wa COVAX uliweka utaratibu wa namna hiyo kwa chanjo zake katika nchi 92, Tanzania na Kenya zikiwemo. Basi haiwezi kusemwa kwamba sisi hatuuwezi.

Dawa zinasajiliwa kwa ada, zinaingizwa kwa leseni, zinauzwa kwa faida. Sehemu ndogo ya fedha hizo inatosha kuanzisha mfuko, na wabunge wa Dodoma na Nairobi wanapaswa kuulizwa kwa nini haupo. Mgonjwa aliyemaliza sindano zake zote kama alivyoelekezwa, akapona kifua na kupoteza masikio, anastahili kulipwa bila kutakiwa kwanza amtafute mkosaji.